Nilivyozuiwa mlangoni mwa maktaba kwa karatasi yangu mwenyewe

Niseme mapema kabisa, karatasi ilikua ya kwangu. Ilikua kopi ya barua ya zamani niliyoitoa hifadhi nyingine ya nyaraka kama miezi miwili nyuma, imekunjwa mara nne, imechafuka kwa kukaa kwenye begi, nilikua nimeichomeka katikati ya daftari nikasahau kama ipo. Asubuhi nimeingia nayo hakuna aliyeniuliza kitu. Jioni natoka, mzee wa mlangoni akaomba daftari, akalishika mgongo, akalikung'uta kama mtu anavyokung'uta mchanga kwenye kiatu, karatasi ikadondoka juu ya kaunta. Akaniangalia. Mi nikaiangalia karatasi. Na aisee kwa sekunde mbili tatu hata mimi mwenyewe nilijishuku.

Nilikalishwa pale kwenye benchi dakika arobaini. Sikutukanwa, sikuguswa, ila hakuna aliyekua na haraka na mimi. Mzee akapiga simu juu, akashuka dada wa dawati la chumba cha kusomea, akaiinua ile karatasi kwenye taa akaona ni karatasi ya kawaida tu ya mashine ya kopi, lakini hakuishia hapo, ikabidi arudi juu na folda zangu zote za siku ile zihesabiwe upya karatasi moja moja, na mimi niko pale nimekumbatia kifuko changu cha plastiki kama mtoto aliyechelewa kuchukuliwa shule. Aliporudi akasema uko sawa, ila siku nyingine chochote cha karatasi unachoingia nacho kionyeshe asubuhi kigongwe muhuri. Basi. Hakuna pole wala nini.

Nilikasirika wiki nzima. Kila niliyekutana naye namsimulia nilivyofanywa mwizi. Mpaka mwenzangu mmoja aliyezeekea kwenye hizi kazi akanisikiliza hadi mwisho halafu akaniuliza swali moja tu, "We unadhani wanatafuta nini kwenye daftari?" Sikua na jibu, mi nilijua ni ubabe tu wa walinzi. Ndo nikaanza kusoma kesi za wizi wa maktaba na hifadhi, na ukishazijua zile kesi unaingia chumba cha kusomea na macho mengine, maana sheria nyingi za mle ndani unaweza kabisa kuzitajia mtu wake.

Chukua ishu ya koti. Nilikua naona ni uonevu, vyumba vile vina baridi kwa sababu ya kutunza karatasi, halafu unaambiwa koti liache nje. Kumbe kuna jamaa Marekani anaitwa Barry Landau, mtu wa watu, anajulikana kama mkusanyaji wa vitu vya marais, akifika hifadhini anawaletea wafanyakazi keki, anapiga nao stori. Mwaka 2011 akakamatwa Baltimore yeye na kijana aliyekua msaidizi wake, wakakuta nyaraka zimefichwa kwenye begi ndani ya loka, vile vikabati vya kuachia mizigo, na koti zake zilikua zimeshonewa mifuko mirefu ya siri kwa ndani. Mwaka uliofuata akahukumiwa miaka 7. Sasa niambie, baada ya hapo wewe ungekua ndo msimamizi wa chumba ungemruhusu mtu aingie na koti kwa sababu anasikia baridi? Mi siku hizi navaa sweta ya kubana isiyo na mfuko na soksi nzito, na sweta siivui mezani, maana ukiivua na kuiweka juu ya nyaraka au kuitundika kitini kuna sehemu watakufuata wakwambie ipeleke loka.

Au ile tabia ya wahudumu kupitapita nyuma yako kimya kimya. Tarehe 8 Juni 2005, maktaba ya Beinecke pale chuo kikuu cha Yale, mfanyakazi mmoja akaokota wembe sakafuni. Wembe kwenye chumba cha vitabu adimu, yaani ni kama kuokota kiberiti kwenye ghala la mafuta. Wakaanza kumfuatilia muuza ramani mmoja mzoefu, Forbes Smiley, mtu aliyekua anaheshimika na anajua ramani za kale kuliko wengi, na mwisho akakiri kwamba ameiba ramani 97 kutoka maktaba kadhaa kwa miaka. Anachana ramani kwenye kitabu, kitabu kinarudi rafuni kimefungwa vizuri, hakuna anayejua mpaka siku mtu akikifungua. Ndo maana siku hizi kuna sehemu wanapima uzito wa folda kabla ya kukupa na baada ya kurudisha.

Hizo ni kesi za kutoa nyaraka. Kuna za kubadilisha. Kila mtu anajua maktaba hizi hawaruhusu kalamu ya wino, penseli tu, na sababu tunayopewa ni kwamba wino ukidondoka haufutiki, ambayo ni kweli. Ila kuna nyingine. Mwaka 2011 hifadhi ya nyaraka za taifa ya Marekani ilitangaza kwamba hati ya msamaha iliyosainiwa na Rais Lincoln 14 Aprili 1864 ilikua imechezewa, ile 4 imegeuzwa kua 5. Namba moja tu. Lakini 14 Aprili 1865 ndo siku Lincoln aliyopigwa risasi, kwa hiyo hati ya kawaida ikageuka kua moja ya vitu vya mwisho kabisa alivyosaini, na ikaingia kwenye vitabu ikiwa hivyo. Walimtaja mtafiti mmoja, hifadhi ikasema alikiri, baadaye yeye akageuka akakana, wakampiga marufuku. Mi nikishika penseli yangu siku hizi sinung'uniki tena, naichonga nje kabla ya kuingia, tatu nne za ziada, maana kichongeo nacho kina wembe na sehemu nyingine hawakitaki, raba vilevile.

Halafu kuna iliyoniuma zaidi, za kuingiza. Hii sikuwahi hata kuiwaza. Hifadhi ya nyaraka za taifa ya Uingereza pale Kew, London, iligundulika kwamba kwenye mafaili yao ya vita vya pili vya dunia kuna nyaraka feki mtu kazichomeka, ishu ilianza kufumuka 2005 na mwisho zilihesabiwa 29 ndani ya mafaili 12. Mtu hakuiba kitu, aliacha. Anaandika uongo wake kwenye karatasi, anaupenyeza kwenye faili la kweli, halafu mwandishi anaenda kuutoa kama ushahidi una namba ya faili na kila kitu. Hapo ndo nikaielewa ile jioni yangu ya benchi, yule dada kuangalia karatasi kwenye taa alikua anajiuliza maswali mawili kwa pamoja, je hii imetoka kwetu, na kama ni yake, je ameacha nyingine humo ndani?

Sawa. Hadithi za wezi ni tamu ila hazikusaidii ukiwa umesimama dirishani karani anakwambia hujakamilisha. Mi nimeshapoteza siku nzima hivyo, tena ya safari. Nina pasipoti, nina barua, nina kila kitu, karani anaangalia anasema vizuri, sasa uthibitisho wa unapoishi? Pasipoti haina anwani ya makazi jamani, sikuwahi kuliwaza hilo. Bili ya umeme ina jina la mwenye nyumba, hoteli niliyofikia hawaitambui, na ile taarifa ya benki ningeweza kuipata lakini simu iko loka na chaji imeisha. Nikarudi kesho yake. Kosa ni langu, ilikua imeandikwa wazi kwenye maelekezo yao, nilisoma mstari wa kwanza nikajiona nimemaliza.

Na kila sehemu ina yake, usichukue uzoefu wa moja ukaupeleka nyingine. British Library ya London wanataka vyote viwili, utambulisho na anwani ya nyumbani, kabla ya kukupa kadi ya msomaji. Maktaba ya bunge la Marekani wao ukishafika miaka 16 na una kitambulisho chenye picha unapata kadi yako, profesa au sio profesa. Vatikani ni hadithi nyingine, hifadhi yao wanataka uwe na shahada ya chuo kikuu na barua ya kukutambulisha kutoka taasisi inayojulikana, huwezi kujipeleka tu kwa sababu una hamu. Pale Bodleian, Oxford, unakula kiapo, na kiapo chenyewe pamoja na mengine unaahidi kwamba hutaingiza moto wala kuwasha moto mle ndani. Watu wanacheka wakikisoma, ila maktaba imefunguliwa 1602, enzi ambazo ukitaka mwanga au joto maana yake ni moto, na chumba chote ni mbao na karatasi. Wale hawana mchezo, mwaka 1645 mfalme Charles wa kwanza aliomba kuazima kitabu akakataliwa kwa sababu vitabu havitoki. Mfalme! Halafu wewe unaomba upite na chupa ya maji.

Kitu ninachowaambia wadogo zangu wanaoanza ni kwamba kazi ya maktaba ya namna hii inafanyika nyumbani zaidi, wiki tatu nne kabla. Andika barua pepe, eleza unatafuta nini kwa sentensi mbili, taja namba za mafaili unayoyataka, uliza kama yapo pale pale au yako ghala la mbali. Hili la ghala limewaliza wengi. Katalogi inakuonyesha kitabu kipo, wewe unakata tiketi, unafika unaambiwa kiko jengo lingine mkoa mwingine kitaletwa kesho kutwa, na wewe kesho kutwa unasafiri. Au kiko kwa mafundi wa kukarabati. Au kimeshapigwa picha tayari kwa hiyo cha karatasi hawakitoi tena mpaka uwe na sababu, na hapo uje na sababu kweli, kwa mfano unataka kuona alama ya maji, ile chapa ya kiwandani inayoonekana ukiinua karatasi kwenye mwanga, au wino uliofutwa, sio "napenda kushika".

Na namba za mafaili ziandike kwa mkono kwenye karatasi. Najua nasikika kama mzee. Oktoba 2023 mifumo ya British Library ilivamiwa na wahalifu wa mtandao, katalogi ikazima kabisa, vitabu vipo rafuni, watu wapo, lakini hakuna wa kukutafutia kitu kwenye kompyuta, ikakaa hivyo mpaka Januari 2024 ndo katalogi ikaanza kurudi taratibu. Na watu waliosubiri miaka na miaka Vatikani wafungue nyaraka za Papa Pius wa 12, papa wa enzi za vita vya pili vya dunia, zikafunguliwa tarehe 2 Machi 2020, fikiria mwenyewe hiyo tarehe, siku chache tu corona ikafunga mlango. Huwezi kujikinga na kila kitu, ila uwe na mpango wa pili, faili la pili, maktaba ya pili kama mji una nyingine.

Siku yenyewe ukifika, unaacha kila kitu loka, loka nyingine zinataka sarafu kwa hiyo kaa na sarafu, unabaki na kifuko kinachoonyesha, laptopu bila kava yake, chaja, penseli, simu imezimwa sauti pamoja na ule mlio wa kamera. Dawa zako za kila siku waambie mapema, hawakatai. Kesi ya miwani itafunguliwa. Laptopu unapotoka utaambiwa uifunue kama kitabu, usishangae, katikati ya kioo na kibodi panatosha karatasi.

Mezani unapewa mto wa sponji wa kulazia kitabu ili mgongo usivunjike, na vile vinyoka vya kitambaa vyenye uzito ndani vya kushikilia kurasa. Folda moja kwa wakati mmoja. Karatasi hazitoki kwenye mpangilio wake hata kama mpangilio ni wa kijinga, na mara nyingi ni wa kijinga kweli, barua ya Machi iko baada ya ya Oktoba, achana nayo, ndivyo ilivyokutwa, ukiipanga wewe umeharibu. Glovu nyeupe za kwenye sinema zisahau, kwa karatasi sehemu nyingi wanataka mikono mitupu iliyooshwa ikakauka vizuri, maana ukivaa glovu vidole vinakosa hisia unachana ukurasa bila kujua. Glovu ni za picha na vitu vya chuma. Losheni ya mikono usipake asubuhi, mi niliacha alama ya kidole siku moja kwenye folda, sio kwenye waraka Mungu saidia, lakini dada wa dawati aliiona kabla yangu.

Picha, kama wanaruhusu, fleshi hapana. Na nisikilize hapa maana hili limenigharimu kuliko benchi la yule mzee, kabla ya kupiga waraka wowote piga kwanza ile lebo ya boksi na namba ya folda. Kila mara. Mi nina picha zaidi ya mia nne za safari yangu ya pili, barua nzuri, mwandiko unasomeka, na sijui zimetoka boksi gani. Nazijua kwa sura kama watu wa kijiweni usiojua majina yao. Haziingii kwenye kazi yoyote kwa sababu siwezi kumwambia msomaji akazione wapi. Niliwaandikia wakanisaidia kutambua kama thelathini hivi, nyingine ndo basi.

Na wahudumu wasalimie jamani. Sio kwa kujipendekeza, Landau alijipendekeza na keki na tumeona alikua anatafuta nini, kwa hiyo ukizidisha utamu nako wanaogopa. Ila mwambie unachofuatilia. Mle ndani kuna watu wamekaa na yale maboksi miaka ishirini, wanajua vitu ambavyo katalogi haivijui. Mi nilikua nazungukia daftari za hesabu za wafanyabiashara za miaka ya 1820, siku tatu nazisoma kwa orodha yangu, dada mmoja akapita akaangalia akaniambia kwa sauti ya chini hao jamaa barua zao ziko chini ya jina la mke wa mmoja wao, hukuangalia huko? Sikuangalia huko. Nani angeangalia huko.

Barua zenyewe zilikua zimekunjwa tangu zilipotumwa, nyingine sidhani kama zimefunguliwa mara nyingi. Nikafungua moja juu ya ule mto, taratibu, nikaona kitu kinameta kwenye mkunjo. Nikadhani ni uchafu, nikataka kupuliza, nikajizuia kwa sababu hupulizi waraka, mate yanaruka. Nikamuita yule dada. Akainama akatabasamu akasema ni mchanga. Enzi zile ukimaliza kuandika unanyunyiza mchanga laini juu ya wino ukauke, halafu unaukung'uta, unakunja barua, unatuma. Huyu alikua na haraka hakukung'uta vizuri. Karibu miaka mia mbili punje bado zimekaa pale alipoziacha, zimeshika kwenye herufi nene nene ambako wino ulikua mwingi, unaweza hata kuona ni wapi alibonyeza kalamu. Nilikaa na ile barua saa nzima, nusu ya hiyo saa sikua nasoma.

Jioni nikashuka. Mzee yule yule mlangoni, na kwa sasa tunajuana, kila karatasi yangu ina muhuri wa asubuhi, nimejifunza. Shikamoo mzee, na laptopu nikaifunua bila kuambiwa. Akachukua daftari, akalishika mgongo, akalikung'uta. Hakuna karatasi iliyodondoka. Zikadondoka punje mbili tatu ndogo sana juu ya kaunta nyeusi, zinameta, zilikua zimeingia kwenye daftari langu nadhani pale nilipokua naandika karibu na ile barua.

Akaziangalia. Akaniangalia.

"Na hizi ni za kwako?"